Niru ya Kidichi

Fundi wangu tumemzika mwezi uliopita, na mimi mwiko nimeshautundika.

Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja. Chuoni nilikhitimu, skuli nilitoroka, na nilipofika miaka 14 nilikuwa nachekecha mchanga nyuma ya mzee huyo. Utoto wangu ndio huo.

Somo la kwanza hakunipa hata ndoo. Alinipandisha kilimani Kidichi, kwenye hamamu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali, mwaka 1850. Kote pembeni mikarafuu, ile ambayo Seyyid aliwaamuru wenye mashamba waipande, mitatu kwa kila mnazi mmoja. Jumba lao la mapumziko limekwisha. Hamamu na kuba zake ipo.

"Fumba macho, upapase," akaniambia.

Vidole vikapita juu ya tausi, mtende, maua. Chokaa tupu, imechongwa kabla haijashika. Nikamuuliza, mbona ndege, si haramu? Akacheka. "Waajemi hao, mwanangu. Wewe tazama mkono wa fundi."

Niru, chokaa ile ya ukutani, ni matumbawe: yamechomwa tanuuni juu ya magogo, yakazimwa kwa maji, yakalazwa shimoni miezi kwa miezi. Asiyeweza kungoja asijiite fundi chokaa.

Kungoja huko ndiko kulikonigombanisha na injinia mmoja, jina nalihifadhi. Nyumba ya Mji Mkongwe, ukuta wa mawe ya matumbawe, yeye kang'ang'ania saruji kwa kuwa inakauka upesi na wakaguzi wako njiani. Nikamwambia ukuta huu una chumvi na unyevu. Ukiuziba nje, maji yatazitafuta boriti. Akaniuliza nina cheti gani. Mwaka wa tatu lipu ilibanduka mapande kwa mapande, na kisu kilizama kwenye ncha za boriti kama kwenye muhogo uliochemshwa. Kutengeneza aliitwa mwengine.

Nanyi vijana mnaoipaka saruji nyumba ya mawe, kisha mkanambia chokaa ni ghali! Boriti mliziuliza bei? Hamamu ile haikuona mfuko wa saruji ilipojengwa, na tausi wake ndio hao mnaowapiga picha.

Nyuma ya nyumba yangu nina shimo la chokaa, nimelifunika makuti tangu mwaka jana. Anayetaka kujifunza aje asubuhi, na ndoo yake.