Bonasi nilikula mimi, akaunti akafungiwa bibi!

Mpenzi msomaji, wiki hii sina habari ya mapenzi wala ya mastaa. Wiki hii najianika mwenyewe, na ukinicheka sitakulaumu, maana hata kijiweni kwetu Bulyaga washikaji siku hizi wananiita "Meneja wa Benki".

Basi bwana, mwaka jana benki moja (jina naliacha, sitaki kasheshe) ilileta ofa huku kwetu Tukuyu. Ukimleta mteja mpya akafungua akaunti, akaweka shilingi 10,000 na kuitumia mara tatu ndani ya mwezi, wewe unalamba 5,000 na yeye analamba 5,000. Kufungua kwenyewe ni kwa wakala: namba ya NIDA, kidole kwenye mashine, kwisha kazi. Hakuna foleni wala picha za pasipoti.

Sasa mpe habari hiyo kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayebangaiza kwa kuandikia magazeti! Niliona mapene yanaota kama migomba ya Kiwira.

Na msidhani nilianzia hapo. Kizazi chetu kimekulia kwenye ofa. Mwaka 2014, nikiwa kidato cha tatu, Tigo Pesa walianza kugawa gawio kwa wenye salio, mama akapata shilingi mia na ushee, akafurahi kama kashinda bahati nasibu. Halafu laini za simu! Kabla ya usajili wa alama za vidole, ule ambao mwisho wake ulikuwa Januari 20, 2020, mtu ulikuwa unatembea na laini nne kwenye pochi, hii ya dakika za usiku, hii ya meseji za bure, hii umeshasahau ya nini. TCRA walipozima zisizosajiliwa nami nilizika tatu. Kwa hiyo vya dezo tunavijua, jamani.

Siri ya mchezo wangu ilikuwa noti moja tu ya elfu kumi. Naiweka kwenye akaunti ya mama mdogo, naituma ya kinyozi, inarudi, inakwenda kwa jamaa wa bodaboda, inazunguka. Wakati wa ofa kutumiana ndani ya benki hiyo kulikuwa bure. Wengi simu zao ni vitochi, kwa hiyo programu ya benki nilikuwa naifungulia kwenye simu yangu, natoka kwa huyu naingia kwa yule. Nilikusanya watu wanane. Kila mmoja nilimpa elfu mbili katika ile elfu tano yake, tatu nikazila mimi kwa jina la "usumbufu". Hakuna aliyelalamika. Dezo haina mwenyewe.

Wa tisa alikuwa bibi.

Bibi yangu anakaa juu kule, ukishapita Katumba unashuka na njia ya mashambani. Ana kipande cha chai, migomba, na miparachichi miwili mitatu. Kwake neno bonasi si geni. Mkulima wa chai ukimtajia bonasi anajua ni yale malipo ya nyongeza, kiwanda kikishauza vizuri. Yaani bonasi ni kitu ulichokichuma mwenyewe, kikacheleweshwa. Nilipomwambia kuna benki inagawa bonasi kabla hujaweka chochote cha maana, aliniangalia sana.

"Bwana'ngu," akasema (bibi zetu huku ndivyo wanavyotuita wajukuu wa kiume), "hii siyo ile ya kupanda mbegu?"

Alikuwa anasema DECI, ule mchezo uliopigwa marufuku mwaka 2009, watu wakiwa wameshapanda fedha zao wakisubiri kuvuna. Nikamwapia. Nikamwambia bibi hii ni benki kabisa, ina jengo, ina mlinzi. Akakubali kwa sababu ni mimi.

Kwa wakala kidole kikagoma. Vidole vya mtu aliyechuma chai na kushika jembe maisha yake yote vimesuguliwa mpaka alama hazionekani. Wakala akakifuta kwa kitambaa, wapi. Wakajaribu kidole hiki na kile, mara ya sita mashine ikakubali. Bibi akacheka, akasema hata mashine inaona kwamba amezeeka. Masharti yalipokuja, yale marefu ambayo chini yake unabonyeza "nimesoma na kukubali", nilibonyeza mimi. Sikusoma. Yeye hakuulizwa.

Elfu tano yake iliingia baada ya wiki mbili. Siku hiyohiyo niliituma kwangu. Nilisema moyoni nitampelekea sukari. Nilipeleka nusu kilo.

Kumbe bibi aliipenda akaunti! Mimi nimeshamsahau, yeye kila akilipwa hela ya chai anakwenda kwa wakala anaweka. Ndizi zikiuzwa, anaweka. Meseji ikiingia anamsomesha mtoto wa jirani salio, anafunga simu kwenye kitambaa. Alikuwa anatafuta bati za jikoni, maana kule mvua si ya kutania, na jikoni lake lilikuwa linavuja juu ya mafiga.

Halafu asubuhi moja meseji zikamwagika: akaunti yako imefungwa kwa kukiuka vigezo na masharti. Kijiweni ikawa kicheko. Kinyozi alikuwa na shilingi 300 mle ndani, akasema wamzikie nazo. Saa nne bibi akapiga kwa simu ya jirani. Yake ilikuwa na 214,000.

Tulikwenda tawini siku yenye manyunyu, bibi na kanga mbili na mwavuli wa kuazima. Dada wa mezani alikuwa mpole. Akamwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akaanza kubonyeza kompyuta. Kisha akaeleza, akiniangalia mimi: akaunti tisa, simu moja, elfu kumi ileile inazungukazunguka, hakuna fedha inayolala. Mfumo umezifunga zote kwa mkupuo.

"Bibi, hawa watu wanane unawafahamu?"

"Namfahamu huyu," bibi akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Dada akachapa taarifa ya akaunti, akaanza kumsomea bibi mstari kwa mstari. Akafika kwenye bonasi 5,000, imeingia. 5,000, imetoka siku hiyohiyo, imekwenda kwa... Akataja jina langu lote, hadi la babu. Bibi hakugeuka. Mimi nilisoma bango la mikopo ukutani, nadhani hadi leo naweza kulikariri.

Tuliambiwa tusubiri meneja, nikazama kwenye simu kukwepa macho ya bibi, nikakuta kumbe ujanja huu wakubwa zangu wako Marekani. Mwaka 1999 injinia mmoja wa California, David Phillips, alinunua vikombe zaidi ya 12,000 vya pudini kwa dola kama 3,000, kwa sababu lebo zake zilikuwa zinabadilishwa kwa maili za ndege. Akapata zaidi ya maili milioni moja na robo! Wengine walikuwa wananunua sarafu za dola moja kwa serikali, wanalipa kwa kadi yenye zawadi ya maili, wanapelekewa bure, kisha wanazitia benki zikiwa kwenye maboksi yake ili walipe deni la kadi. Mwaka 2011 serikali ikakataa kadi kwa sarafu hizo. Na benki za kwao nazo hufunga akaunti za wawindaji wa bonasi. Tofauti ni kwamba yule wa pudini alitumia jina lake.

Benki nayo siilaumu kwa yote. Ile elfu kumi ya ofa ndiyo bei inayokununulia wewe mteja, ikitegemea utaacha fedha mle ndani nayo ikopeshe wengine. Ukila chambo tu ukaondoka, umewaibia kistaarabu. Warudishe chambo chao, wafunge, sawa. Lakini hela ya chai si chambo! Mtu anayeweka kidogokidogo kila mwezi na hatoi ndiye hasa mteja waliyekuwa wanamtafuta kwa ofa yote ile, na alikuwa amekaa mbele yao kalowa. Hilo nililisema pale. Dada akaniuliza, kwa upole uleule, nani alimtia katika kundi hilo.

Ilichukua siku ishirini na tatu na safari tatu za Hiace. Akaunti haikufunguliwa tena. Fedha walimpa mkononi: 209,000. Elfu tano walikata, bonasi yao. Kwa wengine wanane walikuta shilingi 300 za kinyozi na vumbi, hivyo hawakupata cha kukata.

Bibi alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga. Ndani ya Hiace, tumebanana na mikungu ya watu, ndipo aliposema.

"Bwana'ngu, ile elfu tano ulinunua nini?"

"Chipsi mayai, bibi. Na vocha."

"Zilikuwa tamu?"

Nikanyamaza mpaka Katumba.

Bati zimeezekwa sasa, zimepungua moja, kwenye kona ameweka turubai. Yeye kaingia kwenye VICOBA cha akina mama wa hapo jirani, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu. Mwezi uliopita nilimpelekea elfu tano yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema ndaga, akaifunga kwenye kanga. Kisha akauliza nauli ya safari tatu nitaileta lini. Mhariri wangu, hela ya safu hii usiichelewesha, ina mwenyewe.