Macho ya Kioo

Msomaji mpendwa, ukifika Njiru jua linapotua, simama kando ya njia uzitazame taa za barabarani. Hapana mtu apandaye nguzo kuziwasha. Taa nyingi za namna hiyo zina kijicho kidogo ambacho, kikipata mwanga wa mchana, huubadili mwendo wa umeme, na giza likiingia taa huwaka. Kijicho hicho ni kizembe. Chajua usiku na mchana, basi. Mimi nataka kukusimulia habari za jicho la ukoo huo lililo kali mno, kwa kuwa lilimtazama shangazi yangu.

Shangazi ni mwuza mboga. Alipopatikana na saratani ya titi, daktari hakuweza kuamua tiba kabla ya kujua kama ugonjwa umetambaa. Hapo zamani Wakenya waliohitaji uchunguzi wa aina hii walisafiri hadi India; kwa mwuza mboga wa Njiru, ni kama kuambiwa aende mwezini. Siku hizi mashine ziko Nairobi, mojawapo katika hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tulipanda matatu alfajiri, naye hajala kitu.

Alidungwa sindano ya sukari iliyofungamanishwa na florini itoayo mionzi. Dawa hii haiwekwi ghalani: nguvu yake hupungua kwa nusu kila dakika 110, hivyo hutengenezwa na kutumiwa siku ile ile. Saratani nyingi ni walafi wa sukari, huivuta kuliko nyama iliyo jirani. (Ubongo nao ni mlafi, lakini daktari hashtuki akiuona uking'aa.) Shangazi alilazwa kimya muda wa saa moja, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mashine hiyo itaona nini ndani yangu?"

"Itaona mwanga, Shangazi."

"Mwanga upi, nami ndani yangu ni giza tupu?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Chembe ya florini ikivunjika, mwishowe huzaliwa miale miwili isiyoonekana, ikakimbia pande mbili zinazokabiliana, kama ndege wawili walioshtuliwa mtini. Mgonjwa amezungukwa na duara la fuwele. Mwale ukigonga fuwele, hutokea mmweko mfupi na hafifu, ambao wewe nami tusingeuona hata gizani. Mwanga ni huo.

Jicho liungojalo mmweko huo, kwa umbo lake la kale, ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Uso wake umepakwa kwa ndani ngozi nyembamba ya madini. Mwaka 1887 Heinrich Hertz alitambua kwamba mwanga huamsha umeme katika madini. Mwaka 1905 Albert Einstein akaeleza kwamba mwanga huja kwa vipande, na kipande kimoja chaweza kung'oa elektroni moja. Lakini elektroni moja ni nini? Ni ndogo mno, hata waya wa kawaida hauna habari nayo. Kwa hiyo mbele yake huwekwa kibamba chenye mvuto wa umeme. Elektroni hukirukia kwa kishindo, ikang'oa, tuseme, nyingine nne. Nne hizo hurukia kibamba cha pili, zikawa 16. Cha tatu, 64. Chukua kalamu, msomaji, uendelee mwenyewe hadi kibamba cha kumi. Utapata 1,048,576, na yote hayo hutimia katika muda ulio chini ya sehemu ya milioni ya sekunde! Sasa waya wahisi. Mashine nyingi mpya zimeacha chupa na kutumia vipande vya silikoni, ila ujanja wa mmoja kuzaa wengi umebaki.

Macho mawili yaliyoelekeana yakipiga kelele kwa pamoja, mashine huchora mstari kati yao. Mistari ikiwa mamilioni, hukutana pale sukari ilipojikusanya.

Kwa Shangazi ilikutana titini na kwapani, si kwingineko. Daktari aliitazama picha hiyo kwa muda mrefu, kisha akapanga tiba ya kuponya, wala si ya kutuliza maumivu tu. Jioni tuliporudi, mjukuu wake wa miaka miwili alimkimbilia mlangoni. Ikabidi nimdake njiani, maana tulikuwa tumeagizwa asipakatwe mpaka kesho yake. Alilia sana, na Shangazi, akiwa ameketi upande wa pili wa chumba, alimwimbia mpaka akalala.