Trumpington: Nyumba Mpya na Deni la Ardhi

Ukitoka katikati ya mji wa Cambridge, Uingereza, ukashika njia ya kusini mpaka karibu na barabara kuu ya M11, utafika mtaa uitwao Trumpington Meadows. Tulipelekwa huko baada ya swala ya Adhuhuri katika msikiti wa Mill Road, ule uliofunguliwa mwaka 2019, wenye nguzo za mbao zinazopanda na kutandaa juu mithili ya matawi. Mwenyeji wetu alitaka tuzione nyumba. Sisi tulivutiwa zaidi na kilichokuwa nyuma yake.

Hapo zamani palikuwa na mashamba ya utafiti wa mbegu. Viazi vya Maris Piper, wavipendavyo mno Waingereza kwa chipsi, vilizalishwa na watafiti wa Trumpington, na hilo jina Maris ni la njia moja ya kijiji hicho. Leo zimesimama nyumba 1,200 hivi, na kando yake, mpaka ukingoni mwa mto Cam, zimeachwa zaidi ya hekta 50 za majani, vidimbwi na maua ya mwitu. Tulimwona mama mmoja aliyejitanda mtandio akisukuma kigari cha mtoto baina ya maua yaliyomfika kiunoni. Juu kabisa kipozamataza aliimba bila kuonekana, akishindana na mngurumo wa magari.

Mtaa huu ulianza kabla ya sheria. Yaliyofanyika hapa yalikuwa makubaliano ya mradi. Sasa ni wajibu. Chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2021, tangu tarehe 12 Februari 2024 kwa miradi mikubwa, na 2 Aprili mwaka huo kwa midogo, anayejenga katika England (Scotland na Wales zina taratibu zao) hana budi kuiacha ardhi na makazi bora ya mimea na wanyama kuliko alivyoikuta, kwa asilimia 10 walau. Ziada hii, akina mama, si riba.

Hesabu yenyewe ni hivi. Mtaalamu huizunguka ardhi kabla haijachimbwa, akapima mbuga, ua wa miti na kidimbwi, kila kimoja kwa ukubwa, hali na uadimu wake. Mjenzi akishindwa kutimiza ziada papo hapo, hununua kwa mkulima aliyestawisha ardhi kwingine. Akikosa hata huko, hulipa serikalini, kwa bei iliyowekwa juu makusudi. Msitu mkongwe hauingii katika hesabu hiyo, kwani hakuna apandaye karne nne kwa siku moja. Anayeongeza jiko nyumbani kwake amesamehewa.

Linalotushughulisha ni muda. Makazi hayo sharti yatunzwe miaka 30. Kwetu tuliozoea wakfu, swali la kwanza ni: mutawali ni nani? Tumeona visima na mashamba ya wakfu yakifa, si kwa kukosa hati, bali kwa kukosa mtu wa kuyasimamia baada ya mwekaji kuzikwa. Trumpington imepata shirika la hifadhi linaloitunza mbuga, nayo inaonekana. Lakini kidimbwi kidogo nyuma ya nyumba kumi, nani atakikagua mwaka wa 20, mjenzi akiwa amekwisha kuuza na kuondoka? Halmashauri ndizo zenye jukumu la kufuatilia, na kazi zao ni nyingi. Tena, ua uliong'olewa mtaani ukilipwa kwa mbuga ya mbali, mtoto wa mtaa huo amepata nini? Sheria hupunguza thamani ya fidia kadiri inavyokuwa mbali. Huko ni kupunguza tu. Ndege wa dirishani hakurudi.

Huku Kenya, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 hudai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Tathmini huuliza madhara yatapunguzwaje. Haimdai mjenzi aliyekata mikoko ya kihori arudishe zaidi ya alichokata. Hata hivyo matangazo yake huchapishwa magazetini, na mwananchi yeyote, mama wa nyumbani pia, ana haki ya kuandika maoni yake. Mengi ya magazeti hayo huishia kufungiwa mahamri kabla hayajasomwa.