Mathe aliniuliza, "Unakimbia nini?"

Wacha nitoe hii aibu njiani kwanza: mimi ni Mkenya na mbio sijui. Nusu marathoni yangu ya kwanza, kilomita 21.1, nilimaliza kwa saa 2 na dakika 47. Marehemu Kelvin Kiptum alikimbia kilomita 42.195 kule Chicago, Oktoba 2023, kwa saa 2 na sekunde 35. Yaani angemaliza marathoni nzima, aoge, anywe chai na mayai, na bado anikute barabarani nikitafuta nusu yangu.

Nilianza mwaka jana, baada ya kampuni niliyokuwa nafanyia kazi kutupunguza. Barua fupi, siku ya Ijumaa, basi. Wiki za kwanza nililala sana, halafu usingizi ukaisha kabisa. Saa kumi alfajiri niko macho, nahesabu pesa ambazo sina. Asubuhi moja nikachoka kuangalia dari. Nikavaa raba, nikatoka. Kutoka kwetu Umoja nilifika Mutindwa tu, umbali ambao hata makanga angeona haya kukulipisha, nikashika magoti nikidhani moyo utatokea mdomoni.

Siku ya tatu mathe alinikuta mlangoni nikifunga kamba.

"Wewe, unakimbia nini?"

Nilimwambia ni mazoezi tu. Lakini hilo swali nilitembea nalo wiki nzima, kwa sababu kwa Kiswahili unakimbia mbio, na pia unakimbia deni. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia kile kiti cha sebuleni. Nilikuwa nakimbia simu za shangazi: "Na kijana bado yuko tu?"

Halafu kuna hili. Kijana akikimbia alfajiri huku Eastlands, hakuna anayefikiria Olimpiki. Watu wanajiuliza simu ya nani imeenda. Kuna mlinzi mmoja alisimama na rungu kabisa, akinisubiri nifike karibu. Nikaenda Gikomba, nikanunua fulana ya rangi ya machungwa inayoumiza macho. Nikaacha kuvaa kofia ya jaketi. Siku hizi nangoja mwanga, na nasalimia kila mtu: wa mkokoteni, mama wa mandazi, hata yule mlinzi. Mwizi hasalimii watu. (Binamu yangu msichana ana hesabu zake ngumu zaidi. Yeye hatoki bila wenzake wawili.)

Kosa letu wengi ni kuanza kama tunafukuza matatu. Mimi pia. Nilikuja kuelewa kwamba kama huwezi kuongea sentensi nzima ukikimbia, umezidisha kasi. Hata wale wa Iten, siku zao za mazoezi mepesi huanza polepole mpaka ungedhani wanaenda dukani. Nikashusha mwendo bila haya, na kilomita zikaanza kuongezeka: 3, 5, halafu Outering yote hadi Allsops na kurudi.

Karibu na kilomita ya 9 kichwa hunyamaza. Siwezi kuita ile furaha. Ni kama jenereta ya jirani ikizimwa, ndio unagundua ilikuwa na kelele tangu asubuhi.

Na kuna jambo lingine, pengine ndilo kubwa. Mwaka huo nilituma maombi ya kazi mpaka nikasahau nimetuma wapi. Hakuna aliyejibu, hata kusema hapana. Lakini nikikimbia kilomita 8, ni 8. Hakuna mtu anakwambia watakupigia.

Siku ya ile nusu marathoni, kilomita ya 18, paja lilikaza nikasimama. Mzee mwenye mvi alinipita akihema kuniliko. "Songa kijana, hata mimi nimekufa." Nikasonga nyuma yake. Sikumfikia, na jina lake silijui.

Kazi ya kudumu bado sijapata, napata vibarua vya hapa na pale. Usiku nalala. Medali inaning'inia kwenye msumari wa funguo, na mathe huisogeza kila akitafuta ya stoo. Lile swali haliulizi tena. Siku hizi nikifunga kamba ananipa mia moja: "Ukirudi, pitia maziwa." Mwenye kioski analalamika kila siku kwamba noti imelowa jasho.