Kutoka Mar Girgis hadi Muqattam: Haki za Wakopti zinaanzia nyumbani

UKISHUKA treni katika kituo cha Mar Girgis, kusini mwa jiji la Cairo, huhitaji kumuuliza mtu njia. Ng'ambo ya barabara zinaonekana kuta za ngome ya kale ya Warumi iliyoitwa Babiloni, na juu ya lango la ngome hiyo limejengwa kanisa. Wenyeji huliita Al-Muallaqa, yaani lililoning'inizwa, kwa kuwa sakafu yake haikukaa juu ya ardhi bali juu ya minara ya lango.

Nyuma yake kuna vichochoro vyembamba vya mawe. Kimoja kinashuka hadi kanisa la Abu Serga, ambako mapokeo yanasema Yosefu, Maria na mtoto Yesu walijificha walipomkimbia Herode. Hatua chache mbele lipo sinagogi la Ben Ezra. Ukitoka nje ya kuta na kutembea dakika chache kuelekea kaskazini, unafika msikiti wa Amr ibn al-As, ulioanzishwa katika karne ya 7 na jemadari aliyeiingiza Misri chini ya utawala wa Waislamu. Ndio msikiti wa kwanza kujengwa katika nchi hiyo.

Mgeni anayezunguka hapo asubuhi moja anaweza kurudi hotelini akiamini kwamba suala la dini Misri lilishamalizika zamani. Kanisa lipo, sinagogi lipo, msikiti upo, na muuza kahawa anawahudumia wote. Lakini ukitaka kujua hali halisi ya Wakristo wa Misri, usiishie kwenye majengo. Ingia ndani ya nyumba, pale mtu anapozaliwa, anapooa, anapoachana na mwenzake, na anapofariki na kuacha mali.

Wakristo wengi wa Misri ni Wakopti. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki lililomaanisha Mmisri, kwa hiyo kusema Mkopti ni kama kusema mwenyeji. Idadi yao kamili hubishaniwa, ila makadirio ya kawaida ni kwamba katika kila Wamisri kumi, mmoja ni Mkristo. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 100, hao si wachache. Wasomaji wa Kenya huenda wanawafahamu kupitia hospitali ya Wakopti iliyopo Barabara ya Ngong, Nairobi.

Mtaani si rahisi kuwatofautisha na jirani zao. Wanazungumza Kiarabu kilekile na wanakula maharage ya ful na mkate uleule. Wengi wao wana alama ndogo ya msalaba iliyochanjwa kwenye kifundo cha mkono wa kulia, na baadhi huchanjwa wakiwa bado watoto wadogo. Tofauti nyingine iko jikoni. Mkopti anayefuata kanuni za kanisa lake hufunga zaidi ya siku 200 kwa mwaka, na katika siku hizo hagusi nyama, maziwa wala mayai. Lakini biskuti za kahk, zilizopakwa sukari ya unga, Waislamu huzioka kwa ajili ya Idi el-Fitri na Wakristo huzioka kwa ajili ya Pasaka. Na Jumatatu inayofuata Pasaka ya Wakopti ni sikukuu ya taifa, Sham el-Nessim. Siku hiyo familia za dini zote hujaa kwenye bustani na kando ya Mto Nile, zikiwa na samaki wa chumvi, vitunguu na mayai yaliyopakwa rangi.

Ujirani huo umejaribiwa kwa damu. Tarehe 11 Desemba 2016, bomu lililipuka katika kanisa dogo lililopo kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Marko, Abbasiya, upande walioketi wanawake. Jumapili ya Matawi ya mwaka 2017, makanisa mawili, moja Tanta na jingine Alexandria, yalishambuliwa siku moja na watu zaidi ya 40 wakafa. Ni Misri hiyohiyo ambako Januari 2011, siku chache baada ya shambulio jingine la Alexandria, Waislamu walikwenda kwenye misa za mkesha wa Krismasi na kusimama milangoni, wakisema kama ni kufa, wafe pamoja na jirani zao.

Kabla ya misiba hiyo ya 2016 na 2017, Januari 2015, Rais Abdel Fattah al-Sisi alikuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo kuhudhuria ibada ya Krismasi ya Wakopti. Tarehe 6 Januari 2019 alifungua Kanisa Kuu la Kuzaliwa kwa Yesu katika mji mkuu mpya, na siku hiyohiyo akafungua msikiti mkubwa. Papa Tawadros II wa Wakopti na Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Ahmed al-Tayeb, walikuwapo. Mwaka 2018 Manal Awad Mikhail akawa mwanamke wa kwanza Mkristo kuteuliwa kuwa gavana, katika mkoa wa Damietta. Mwaka 2022 Jaji Boulos Fahmy akawa Mkopti wa kwanza kuongoza Mahakama Kuu ya Katiba.

Wanaoitetea serikali huyataja hayo yote. Wakosoaji hujibu kwamba kanisa kubwa la mji mpya halimsaidii mwanakijiji wa Minya anayesali kwenye nyumba ya mtu kwa sababu kijiji chake hakina kanisa. Kwa miongo mingi, ujenzi wa kanisa Misri ulifuata amri ya dola ya Uthmaniya ya mwaka 1856 na masharti kumi yaliyowekwa mwaka 1934 na Wizara ya Mambo ya Ndani. Miongoni mwa mambo yaliyotazamwa ni umbali kutoka msikiti ulio karibu na iwapo Waislamu wa eneo hilo wana pingamizi. Sheria namba 80 ya mwaka 2016 ilimpa gavana wa mkoa miezi minne ya kujibu ombi, na akikataa lazima atoe sababu. Pia iliunda utaratibu wa kuhalalisha makanisa yaliyojengwa bila kibali. Wapo walioiona kuwa ni hatua kubwa. Wengine waliuliza swali fupi: kwa nini kanisa liwe na sheria yake peke yake, wakati wote ni raia wa nchi moja?

Mtoto aliyeokotwa kanisani

Kisa kilichowafanya Wamisri wengi walijadili jambo hili mezani kilihusu mtoto mmoja wa kiume. Mwaka 2018 aliokotwa akiwa mchanga katika choo cha kanisa jijini Cairo. Mume na mke Wakopti, waliokaa miaka mingi bila kupata mtoto, walimchukua, wakambatiza na kumlea kama wa kwao. Alipofika umri wa miaka minne hivi, ndugu mmoja wa familia alipeleka taarifa kwa mamlaka. Iliripotiwa kwamba hofu yake ilikuwa mirathi.

Vipimo vilionyesha kuwa mtoto hakuzaliwa na wanandoa wale. Kwa kuwa wazazi wake hawakujulikana, alihesabiwa kuwa Mwislamu, maana desturi ya dola ni kumhesabu hivyo mtoto wa kuokotwa. Mwaka 2022 aliondolewa nyumbani, akapelekwa kituo cha watoto na kuandikishwa kwa jina jingine. Mama aliyemlea alionekana kwenye televisheni akilia, na wanawake wa Kiislamu waliomtazama walilia pamoja naye.

Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Upande mmoja ulisema sheria ya Misri hairuhusu kuasili mtoto kwa maana ya kumpa jina na urithi wa mlezi, bali inaruhusu kafala, yaani malezi bila kubadili nasaba. Zuio hilo linatoka katika sharia ya Kiislamu, na lengo lake ni kulinda ukoo wa mtoto usipotee. Upande wa pili ulijibu kwamba Katiba ya mwaka 2014, ibara ya 3, inasema kanuni za Wakristo na Wayahudi ndizo chimbuko kuu la sheria zinazohusu mambo yao binafsi, na kanuni za Wakopti za mwaka 1938 zilitambua kuasili.

Jibu lililosaidia kulegeza fundo lilitoka mahali ambapo wengi hawakutarajia. Kituo cha fatwa cha Al-Azhar kilieleza kwamba, kwa maoni ya baadhi ya wanazuoni, mtoto aliyeokotwa kanisani na mtu asiye Mwislamu hufuata dini ya aliyemwokota. Machi 2023 mtoto alirudishwa kwa wanandoa wale chini ya utaratibu wa malezi, na jina lake la awali likarudi.

Dada na kaka zake

Kisa cha pili ni cha mahakamani. Huda Nasrallah, mwanasheria Mkopti, alifiwa na baba yake mwaka 2018. Aliacha watoto watatu, Huda na kaka zake wawili. Katika mirathi, mahakama za Misri huwahukumu raia wote kwa sheria inayotokana na sharia ya Kiislamu, ambayo humpa mtoto wa kike nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Waislamu wanaoitetea husema haki hiyo isipimwe kwa kipande kimoja, kwa kuwa mwanamume amebebeshwa wajibu wa kuwatunza mke, watoto na wazazi, na mali ya mwanamke ni yake mwenyewe.

Huda hakubishana na hoja hiyo kwa Waislamu. Alisema yeye ni Mkristo, kanuni za kanisa lake zinagawa sawa, na ibara ya 3 inampa haki hiyo. Kaka zake hawakumpinga, walisimama upande wake. Mahakama mbili zilimkatalia. Novemba 2019 mahakama ya rufani ya Cairo ikampa fungu sawa na kaka zake. Mwenyewe alieleza kuwa baba yao hakuacha mamilioni, bali alichotaka ni kutambuliwa sawa. Hukumu ilikuwa ya kwake. Binti mwingine ambaye kaka zake hawataki kugawana sawa hana budi kuianza safari yake mwenyewe.

Haki ya kanisa, haki ya mtu

Lakini hadithi hii ina upande ambao Wakopti wenyewe hawaupendi kuutaja mbele ya wageni. Kanuni za mwaka 1938 zilikuwa na sababu tisa za talaka. Papa Shenouda III, aliyeliongoza kanisa tangu mwaka 1971, alizipunguza hadi kubaki kimsingi uzinzi na mmoja wa wanandoa kuacha dini. Maelfu ya watu walibaki katika ndoa zilizokwisha kufa. Baadhi yao walihamia dhehebu jingine la Kikristo, kwa sababu sheria ya Misri inasema wanandoa wa madhehebu tofauti huhukumiwa kwa sharia ya Kiislamu, ambayo inaruhusu talaka. Mkristo akalazimika kuikimbilia sheria ya jirani ili aiepuke ya kwao.

Mwaka 2010 mahakama ya juu ya utawala iliamuru kanisa liwaruhusu waliopewa talaka kuoa tena. Papa Shenouda alikataa, akisema hakuna awezaye kulilazimisha kanisa kuvunja maandiko, na Mahakama ya Katiba ikaisimamisha hukumu hiyo. Kwa waumini wengi huo ulikuwa ushindi wa haki za Wakristo. Kwa mwanamke aliyekuwa akipigwa na mumewe ilikuwa kufuli nyingine mlangoni.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona kioo hapa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilibakiza mahakama za Kadhi kwa ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa humo, na Tanzania Bara mjadala huo ulirindima hadi ndani ya Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Huku kwetu wanaodai sheria yao ya familia ni Waislamu, kule ni Wakristo. Hoja ni zilezile: je, haki ya wachache ni kuachiwa sheria yao, au ni kuhukumiwa sawa na kila raia?

Chini ya mlima

Safari inaweza kuishia Muqattam, mlima wa mawe mashariki mwa Cairo. Chini yake wanaishi Zabbalini, wakusanya taka wa jiji, wengi wao Wakopti ambao familia zao zilitoka vijiji vya kusini. Vichochoro vimejaa magunia ya chupa na makaratasi. Wanaume huzileta taka, wanawake na mabinti huzichambua kwenye ghorofa za chini za nyumba zao, na mabaki ya chakula yalilisha nguruwe. Mwaka 2009, wakati wa hofu ya homa ya nguruwe, serikali iliamuru nguruwe wote wa nchi wachinjwe, ingawa hawakuwa wakieneza ugonjwa. Familia zilipoteza akiba yake, na baada ya muda taka za chakula zikaanza kurundikana katika mitaa ya Cairo, ya Waislamu na ya Wakristo pia.

Juu ya mtaa huo, ndani ya pango la mwamba, kuna kanisa la Mtakatifu Simoni lenye viti vya maelfu ya watu. Mwaka 1994, ulipoandaliwa mkutano wa wasomi kuhusu jamii ndogo za nchi za Kiarabu, Papa Shenouda alipinga Wakopti kuhesabiwa humo. Alisema wao si jamii ndogo, ni Wamisri. Binti anayechambua chupa chini ya mlima huenda asibishane naye. Anachotaka ni kwamba siku baba yake akifariki, au ndoa yake ikivunjika, asilazimike kubadili dini wala dhehebu ili apate haki yake.