Nyangwe: Viatu, Malazi na Mzigo wa Msafiri

Katika nchi ya Maniema, mashariki ya Kongo, mto Lualaba hupita ukielekea kaskazini, mpana na wenye maji mengi. Ukingoni mwake, upande wa mashariki, ndipo palipo Nyangwe, si mbali sana na Kasongo. Leo ni mahali padogo, lakini katika karne ya kumi na tisa jina lake lilitajwa sana Unguja, hata Ulaya. Mtu aliyetoka Bagamoyo alitembea karibu kilometa 1,200 mpaka Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika, akashika njia ya Kabambare, ndipo akaufikia mto huo. Mbali na kuvuka ziwa, safari yote ilikuwa ya miguu.

Siku hizi tunazo motokaa na ndege, walakini safari za miguu hazijakwisha duniani. Huko huko Maniema wachuuzi husukuma baiskeli zilizopakiwa mizigo mizito, wakilala njiani siku nyingi. Tena kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea kwa majuma kwenda Namugongo katika Uganda kuwaheshimu Mashahidi watakatifu. Basi swali la wazee wetu lingali na maana: msafiri achukue nini, na usiku alale wapi? Tukiyaangalia mambo yaliyowapata waliopita Nyangwe, tutapata jibu.

Kwanza tuseme habari ya miguu. Daktari David Livingstone, mpelelezi Mskoti, alikaa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, mwaka 1870. Hakukaa kwa kupenda. Madonda yalimtoka miguuni, yakamla nyama, na tangu Julai hata Oktoba hakuweza kusafiri. Dawa alizozoea hazikumfaa. Mwishowe alisaga jiwe la kijani lenye shaba pamoja na maji, akapaka kwa unyoya, akapata nafuu. Mtu aliyekuwa amevuka nusu ya Afrika alizuiwa na miguu yake miwili! Mwaka uliofuata, akirudi kutoka Nyangwe kwenda Ujiji, alitembea juu ya mawe makali akiwa amevaa viatu vya Kifaransa vilivyoshonwa vibaya, naye akaandika jinsi vilivyomwumiza.

Mwingine ni kijana Mwingereza, Frank Pocock, aliyefika Nyangwe pamoja na Henry Stanley mwezi wa Oktoba 1876. Msafara wao ulikuwa na vyombo vingi, hata mashua ya mbao iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa vipande vipande ili ibebwe na wapagazi. Lakini kabla hawajaifikia bahari, viatu vya Frank vilikwisha, akaenda peku, na madonda yakampata. Walipofika penye maporomoko ya mto hakuweza kuzunguka kwa nchi kavu kama wenzake. Akaingia mtumbwini, mtumbwi ukapinduka, akafa maji tarehe 3 Juni 1877. Mashua ilikuwapo, viatu havikuwapo.

Kwa hiyo msafiri asitoke nyumbani na viatu vipya ambavyo mguu haujavizoea. Avivae kwanza majuma kadhaa, kanisani, shambani na sokoni. Jioni aoshe miguu na kuikausha, hata katikati ya vidole. Lengelenge dogo lioshwe na kufungwa siku ile ile, lisingoje kesho. Soksi kavu za kubadili hazina uzito, nazo zafaa kuliko koti la pili.

Pili, malazi. Misafara ya zamani ilipopiga kambi, wapagazi walikata matawi na majani, wakajenga vibanda, na penye hatari wakauzungushia mahali hapo ua wa miiba. Kesho yake wakaondoka, na wengine wakaja kulala palepale. Wasafiri wakafurahi kukuta kibanda tayari. Lakini katika vibanda vya namna hiyo walikuwamo wenyeji wasioonekana. Hao ni papasi. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kuta. Usiku hutoka, humwuma aliyelala, na kabla ya mapambazuko hurudi mafichoni. Waweza kukaa muda mrefu mno bila chakula, wakimngoja mgeni.

Mwaka 1905 madaktari wawili, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walikuwa wakichunguza jambo hilo mashariki ya Kongo. Wakathibitisha kwamba homa ile inayokuja, ikaondoka na kurudi tena, huletwa na papasi. Wote wawili walishikwa na homa hiyo wenyewe. Dutton alifariki Kasongo mwezi wa Februari mwaka huo huo, umri wake miaka 30. Kijidudu kinacholeta homa hiyo kimepewa jina lake. Kila mtu anayejua leo kwamba si vema kulala chini katika nyumba ya zamani ya udongo amefaidiwa na kifo cha kijana huyo.

Basi tuchague namna gani? Kibanda kilichoachwa, hata kikiwa na paa zuri, tukipite. Afadhali sakafu ya saruji ya shule au ya ukumbi wa parokia, iliyofagiwa vizuri, na mkeka juu yake. Pasipo nyumba, tutafute mahali pakavu palipoinuka, mbali na bwawa, tena pasiwe chini ya mti wenye matawi makavu. Tujiinue kutoka ardhini kama tuwezavyo. Watu wa Livingstone walijua hivyo; huko kwa Chitambo, alikofariki mwaka 1873, walimtengenezea kitanda cha fito na majani kilichoinuka, unyevu wa udongo usimfikie. Tena tuchukue chandarua kilichotiwa dawa. Wazee waliona mbu ni kero tu. Tangu uchunguzi wa Ronald Ross mwaka 1897 twajua kwamba mbu ndiye aletaye malaria. Chandarua hukunjwa kikawa kidogo. Atakayekiacha ili apunguze mzigo huenda yeye mwenyewe akawa mzigo kwa wenzake, wakambeba kwa machela.

Tatu ni mzigo wenyewe, na hapa Nyangwe yatufundisha neno zito. Mpagazi wa misafara alichukua kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kichwani au begani. Wako waliojiajiri kwa mshahara, hasa Wanyamwezi, nao walijivunia kazi yao. Lakini pembe za Maniema zilikuwa nyingi, na wengi walizibeba wakiwa mateka, wamefungwa shingoni. Aliyetaka utajiri aliuweka juu ya mabega ya mtu asiye na sauti.

Palikuwa na soko kubwa Nyangwe. Wanawake wengi walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, wamebeba samaki, kuku, vyungu na muhogo. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wa biashara hiyo ya pembe na watumwa, waliwapiga risasi sokoni. Watu wakakimbilia mitumbwi, ikasongamana, wengi wakajitupa mtoni wakazama. Livingstone aliyaona kwa macho yake, akaandika hesabu aliyoambiwa: waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Akaondoka Nyangwe mwenye huzuni kubwa, na barua yake ilipowafikia watu wa Ulaya iliwasukuma kuipinga biashara ya watumwa. Wale wanawake walikuwa wamebeba mizigo yao wenyewe, kwa chakula cha watoto wao.

Ukumbusho wa namna nyingine ni ule wa Chuma na Susi, waliokuwa na Livingstone katika safari hizo. Alipofariki, wao na wenzao waliukausha mwili wake, wakaufunga kwa magome ya mti na turubali, wakaubeba kwa miezi mingi hata pwani. Februari 1874 uliwekwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, Bagamoyo. Huo nao ulikuwa mzigo, walakini hakuna aliyewafunga shingo ili wauchukue.

Wasomaji wapenzi, tunapofunga mzigo wa safari, hija au shule, tuuinue kwanza sisi wenyewe, tutembee nao saa nzima. Kitu kinachotufanya tumtafute mdogo wetu atusaidie kubeba, na tukirudishe nyumbani. Viatu, chandarua, mkeka, maji, dawa kidogo na nguo moja kavu, vyatosha. Bwana wetu alipowatuma mitume kumi na wawili, kama asimuliavyo Mtakatifu Marko, aliwaruhusu fimbo na viatu, akawakataza kanzu ya pili. Fimbo ya kutegemea na viatu vya miguu: haja za mwendo hakuwanyima. Mengine watu hao maskini wangeyapokea katika nyumba zitakazowakaribisha. Nasi tulio nyumbani, mahujaji wakipita mlangoni petu jioni, tuwafagilie sakafu na kuwapa maji ya kuoshea miguu.