Maji ya Paa Huko Dongobesh

Ukitoka Mbulu mjini kwenda Haydom, utapita Dongobesh. Ni nchi ya juu, yenye vilima na baridi. Mwezi wa Juni na Julai utatafuta koti. Zamani Wairaqw wengi walikaa katika nyumba za tembe zenye paa la udongo. Siku hizi utaona mabati yaking'aa kila upande.

Mvua ikinyesha, simama barazani utazame. Maji yanaanguka kutoka kwenye bati. Yanachimba chini ya ukuta. Yanabeba udongo mzuri kwenda korongoni. Miezi michache baadaye, wakati wa kiangazi, mama wa nyumba hiyo hiyo anabeba ndoo kwenda mbali kutafuta maji. Je, hiyo si hasara?

Mimi ni bwana shamba. Nimejifunza kazi hii nyumbani kwangu. Nawe unaweza kuifanya.

PIMA PAA LAKO

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Tuseme nyumba yako ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5, kutoka ukingo mmoja wa bati hadi mwingine. Zidisha 8 kwa 5. Utapata mita za mraba 40. Mvua ya milimita 10 italeta lita 400. Toa sehemu moja ya tano kwa maji yanayorukia nje. Zinabaki lita 320, yaani ndoo 16 za lita 20. Ukifunga mfereji upande mmoja tu wa paa, utapata nusu yake.

FUNGA MFEREJI

Piga msumari katika kila mwisho wa ubao wa ukingo, kisha funga uzi. Uzi ushuke kuelekea kwenye tangi, sentimita 1 kwa kila mita 1. Mfereji wa mita 8 ushuke sentimita 8. Usiposhuka, maji yatatuama na mbu watazaana humo.

Mvua ya kwanza huosha vumbi na mavi ya ndege. Geuza bomba pembeni, maji hayo yamwagike. Paa likiwa safi, rudisha bomba kwenye tangi. Mdomo wa tangi uwe na wavu na mfuniko imara, ili mbu wasiingie na mtoto asitumbukie.

KOSA LANGU

Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani 1. Mimi sikulifikiri hilo. Niliweka tangi juu ya udongo laini. Lilipojaa, lilizama upande mmoja, bomba la koki likakatika. Asubuhi tangi lilikuwa tupu. Mama watoto aliniuliza, "Baba, leo tunapikia nini?" Sikuwa na jibu. Basi wewe jenga kwanza msingi wa mawe na saruji, uwe sawa pande zote.

MENO YA WATOTO

Katika sehemu nyingi za mikoa ya Manyara na Arusha, maji ya ardhini yana madini ya floraidi kupita kiasi. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanakua, meno hupata rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuondoi madini hayo. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Hata hivyo, yachemshe kabla ya kunywa ili kuua vijidudu.

Jamaa wanaotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika watakaa siku 100 na tangi la lita 2,000. Maji yanayofurika yaelekeze kwenye bustani ya mboga.

Ndugu msomaji, kwa kawaida mvua za huku huanza mwezi wa Novemba. Usingoje ngurumo. Chukua uzi na futi, ukapime paa lako leo. Haba na haba hujaza kibaba.